Jiwe la Mpaka na Sikio la Mfalme

Katika maapizo yote ambayo wanadamu wamepata kuyachora juu ya mawe, sijaona lililotungwa kwa hadhari ya kiwakili kama lile ambalo wafalme wa Babeli walilitia katika hati zao za ardhi, kwani halikutosheka kumlaani mtu atakayeling'oa jiwe kwa mkono wake, bali lilimlaani pia yule atakayemtuma kiziwi, au kipofu, au punguani, au mgeni asiyejua mambo, aende akaling'oe badala yake, akalitupe mtoni, akalitumbukize kisimani, akalitie motoni, akalivunje, au akalifukie mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Msomaji akituliza fikira ataona mara moja kwa nini watu hao wametajwa: kipofu hayaoni maandishi, kiziwi hasikii akisomewa, punguani hafahamu alichoambiwa, na huenda laana isimpate mtu asiyeijua, basi mjanja aliyewatuma angalikaa kando na kuapa kwamba mikono yake ni safi. Aliyeliandika sharti hilo hakuwa akibahatisha. Ama alikwisha kuyaona hayo yakitendeka, ama aliwajua watu wa zamani zake vya kutosha hata akawa na yakini kwamba yatatendeka.

Maneno hayo hunirudia moyoni kila nisikiapo majirani wawili wakigombea kiwanja kimoja, kila mmoja ameshika hati yake mkononi, na kila hati ina muhuri wake. Watu husema, laiti hati zetu zingalikuwa madhubuti zaidi, laiti karatasi ingalikuwa jiwe na wino ukawa mchoro wa tindo, dhuluma ingalikoma. Lakini Wababeli walikwisha kulijaribu hilo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakaichonga hati katika jiwe, wakaiweka mbele ya miungu yao, wakaizungushia laana za kutisha kuliko kifungo chochote tukijuacho leo. Na mimi, kila nizidipo kuyasoma yaliyowapata, ndivyo nizidivyo kusadiki kwamba hati hailindwi na ugumu wa kitu ilichoandikiwa, wala na ukali wa maneno yake, bali hulindwa na kuwapo kwa mtu mwenye amri aliye tayari kumsikiliza mwenye shamba siku anapokuja kulalamika.

Mawe hayo wataalamu huyaita kudurru, neno la Kibabeli lenye maana ya mpaka, ingawa yenyewe aghalabu hujiita narû, yaani jiwe lililosimamishwa lenye maandishi. Yalianza kuchongwa katika enzi ya Wakassi, watu wageni walioitawala nchi ya baina ya Furati na Dijla kwa muda wa karne nne hivi, mpaka karibu na mwaka 1155 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na desturi yake ikaendelea chini ya nasaba za wenyeji zilizofuata. La kwanza kufika Ulaya lililetwa na André Michaux, Mfaransa mtaalamu wa mimea, aliyelipata karibu na Baghdad katika karne ya 18, nalo mpaka leo limehifadhiwa Paris. Ni jiwe jeusi, umbo lake kama yai lililorefuka, kimo chake dhiraa moja tu, hata mtu mzima aweza kulikumbatia. Na lililoandikwa humo si zawadi ya mfalme hata kidogo, bali ni shamba ambalo baba alimpa binti yake aliyekuwa akiolewa, jambo lionyeshalo kwamba desturi iliyoanza katika majumba ya enzi ilikwisha kuteremka mpaka kwa raia wenye uwezo wao.

Juu ya kila jiwe zimechongwa alama za miungu: mwezi mwandamo wa Sin, jua la Shamash, nyota ya Ishtar yenye ncha nane, sepeto ya Marduk, kalamu ya Nabu, mbwa wa Gula mwenye kuponya, umeme wa Adad, nge, na nyoka aliyejinyoosha. Chini yake yako maandishi, na maandishi hayo yana utaratibu ambao karani yeyote wa ardhi wa leo angaliutambua. Kwanza hutajwa ukubwa wa shamba, na ukubwa huo haukusemwa kwa hatua peke yake, bali kwa kiasi cha mbegu kitoshacho kulipanda, kama vile mkulima wetu angalivyosema kwamba shamba lake ni la pishi kadhaa. Kisha pande nne, mmoja baada ya mmoja, upande mrefu wa juu wapakana na fulani, upande mfupi wa chini wapakana na mfereji fulani. Kisha jina la aliyelipima, na majina ya mashahidi waliokuwapo muhuri ulipopigwa. Hati yenyewe iliandikwa juu ya kibao cha udongo na kutiwa muhuri, ikapewa mwenye mali. Jiwe lilikuwa nakala yake iliyosimamishwa hekaluni, mahali ambapo hakuna awezaye kudai kwamba hakuliona. Sisi tuliokulia mwambao, tuliowaona wazee wakiitoa hati ya kadhi kutoka ndani ya kasha, ikiwa imekunjwa katika kitambaa na kunukia karafuu, twaifahamu vyema hamu hiyo ya kuwa na kitu cha kushika mkononi, maana wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini tuache umbo la jiwe, tutazame lililompata mtu mmoja aliyepewa jiwe la namna hiyo.

Nebukadneza wa kwanza, ambaye siye yule wa vitabu vitakatifu aliyewachukua Wayahudi mateka, kwani huyo alikuja miaka 500 baadaye, alitawala Babeli toka mwaka 1125 hivi mpaka mwaka 1104 kabla ya Nabii Isa, na shabaha yake kubwa ilikuwa kulipiza kisasi kwa Elamu, dola ya mashariki iliyokuwa mahali ambapo leo ni kusini magharibi ya Irani, ambayo ilikuwa imeivamia Babeli siku za nyuma na kuondoka na sanamu ya mungu wao Marduk. Akaondoka na jeshi lake katika mji wa Der katika mwezi ambao Wababeli waliuita Du'uzu, nao ndio ule ambao watu wa Iraki mpaka leo huuita Tamuz, yaani Julai, wakati ambapo katika nchi ile hata ndege hutafuta kivuli. Jiwe lililotokana na safari hiyo, ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, lasimulia kwamba njia iliwaka kama moto, maji hayakupatikana visimani, farasi walio bora wakaishiwa nguvu, na miguu ya mashujaa ikalegea. Vita vikapigwa ukingoni mwa mto Ulai, na vumbi likapanda hata jua likafichika. Na katika giza hilo la mchana gari la farasi la Shitti-Marduk, mkuu wa nyumba ya Karziabku, halikubaki nyuma, bali lilikwenda upande wa kuume wa mfalme wake mpaka adui akashindwa.

Malipo ya ushujaa huo yalikuwa nini? Hakupewa dhahabu, wala hakuongezewa shamba jipya. Alipewa uhuru wa vijiji vyake. Liwali wa jimbo la Namar asingekuwa tena na amri juu yao. Wasimamizi wa farasi wa mfalme wasingeingiza farasi wao humo kulishwa kwa gharama ya wanakijiji. Ng'ombe na kondoo wasingetwaliwa kwa kodi. Bustani na mitende isingeguswa. Wala wenyeji wasingeitwa shokoa kwenda kujenga daraja au kutengeneza barabara. Mtu aisomaye orodha hiyo kwa utulivu huyaona maisha ya mkulima wa Babeli kwa uwazi kuliko katika tarehe zote za vita, kwa sababu kila kitu kilichokatazwa katika vijiji vya Shitti-Marduk ndicho kilichokuwa kikitendeka kila siku katika kijiji cha jirani. Na daraja lile, maadamu lilihitajiwa, lilijengwa na nani? Msamaha wa mmoja hauondoi mzigo, huuhamisha tu begani mwa mwingine ambaye hakuwa na gari la vita wala bahati ya kuonekana na mfalme siku ya vumbi.

Liko jambo jingine katika jiwe hilo ambalo wengi hulipita upesi, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Uhuru ule haukuwa mpya. Jiwe lenyewe lasema kwamba vijiji hivyo vilikuwa huru tangu zamani za mfalme aliyetangulia, kisha vikaingizwa chini ya Namar kinyume cha sheria yao. Na Nebukadneza, kabla hajatoa amri, aliwauliza waamuzi, nao wakathibitisha kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yaani Shitti-Marduk alikwenda kuungua juani Elamu, akaitia roho yake rehani, ili arudishiwe kitu ambacho kwa haki kilikuwa chake. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni hadithi ya mfalme mkarimu. Mimi naiona kuwa hadithi ya mtu aliyelazimika kununua mara ya pili alichokwisha kukimiliki, na bei yake ikawa damu.

Tuyarudie sasa maapizo, tumwulize mwandishi wake: ulikuwa ukimwogopa nani? Maana mwanadamu hulaani kile akiogopacho, na mwenye kuku humlaani kicheche, hamlaani tembo. Ukitafuta katika mawe hayo hutamkuta mwizi wa usiku, wala mnyang'anyi wa njiani, wala adui kutoka ng'ambo ya mlima. Utamkuta liwali, na akida, na mkuu wa mji, na msimamizi, na mjumbe wa mfalme, mmoja mmoja kwa cheo chake, kila mmoja ambaye katika siku za baadaye atainuka na kulitolea shamba hili maneno. Na maneno yenyewe yametajwa pia, nayo si matusi wala vitisho, ni maneno ya ofisini, yasemwayo kwa sauti ya chini na mtu aliyekaa: shamba hili halikutolewa na mfalme, shamba hili halikupimwa, muhuri haukupigwa. Miaka elfu tatu imepita, na maneno hayo hayajabadilika hata herufi moja katika vinywa vya wanaoyatumia.

Aliyethubutu kuyasema aliahidiwa mambo mazito. Sin atamvika ukoma kama nguo, atangetange nje ya ukuta wa mji kama punda-mwitu. Gula atamtia mwilini kidonda kisichopona, aoge usaha na damu kama maji. Adad ataijaza mifereji yake matope na shamba lake miiba badala ya shayiri. Shamash atamgeuzia mchana kuwa giza. Na Ninurta, mwenyewe mlinzi wa mipaka, ataling'oa jiwe la mpaka wake yeye. Hata Torati imemlaani mwenye kusogeza mpaka wa jirani yake, lakini imefanya hivyo kwa neno moja na kupita. Wababeli walikaa kitako, wakamwita kila mungu kwa jina lake na silaha yake. Wingi wa laana hizo watu huuchukua kuwa dalili ya nguvu ya mfalme. Mimi nauona kuwa ungamo la unyonge wake, kwa kuwa mfalme aliye hai hahitaji ukoma wa Sin kumzuia liwali wake. Amwita, amwuliza, amfukuza. Laana ni ya wakati ambapo yeye mwenyewe hatakuwapo, na kiti chake kitakaliwa na mtu asiyemjua, ambaye huenda ana rafiki zake wa kuwapa mashamba.

Je, laana hizo zilizuia? Mashahidi wako, na wa kwanza ni jiwe la Enlil-nadin-apli, mwana wa Nebukadneza huyo huyo, lililoandikwa katika mwaka wa 4 wa utawala wake. Lilikuwako shamba katika Nchi ya Bahari, nchi ya maziwa na matete iliyo kusini, karibu na pale mito miwili imwagikapo katika Ghuba, ambalo mfalme mmoja wa kale aitwaye Gulkishar alikuwa amelitoa kuwa wakfu wa Nanshe, mungu wa kike wa watu wa huko. Kwa hesabu ya waandishi wa jiwe lenyewe, toka Gulkishar mpaka Nebukadneza ilipita miaka 696, na muda huo wote shamba likawa wakfu. Kisha akaja liwali wa jimbo la Bit-Sin-magir, jina lake Ekarra-iqisha, naye akalitia shamba lile mkono, akalirudisha katika ardhi ya jimbo. Karne karibu saba za heshima zilikomeshwa na mtu mmoja mwenye cheo, wala hatusikii kwamba ukoma ulimshika.

Lililotokea baadaye ndilo la kuzingatiwa. Kuhani wa hekalu, Nabu-shuma-iddina, hakukaa chini kuisubiri miungu iitimize ahadi yake. Alikwenda kwa mfalme, akajieleza. Mfalme naye hakusema kwamba hayo ni mambo ya jimbo yaishie jimboni. Aliwauliza wakubwa waliohusika, akapata ukweli, akaamuru shamba lirudishwe kwa mwenyewe. Tazama, basi, ni kipi kilichoiokoa wakfu ile: si zile laana, ambazo liwali alizipita kama mtu apitaye kandokando ya mbwa aliyelala, bali ni safari ya mtu mmoja na swali la mtu wa pili. Miaka 696 haikuwa na ulimi. Ilibidi kuhani aiazime wake.

Na maadamu nimewasifu makuhani, uadilifu wataka niseme na la upande wa pili, kwa kuwa si kila aliyedai kwamba amedhulumiwa alikuwa mkweli. Katika mji wa Sippar, kulikokuwa na hekalu kubwa la Shamash, Hormuzd Rassam alifukua katika mwaka 1881 jiwe lenye umbo la msalaba, lina nyuso 12, na kila uso umejaa maandishi ya namna ya kizamani mno. Lajidai kwamba ni la Manishtushu, mfalme wa Akadi aliyetawala takriban miaka 2,270 kabla ya Nabii Isa, nalo lasimulia mapato mengi aliyoliwekea hekalu lile milele. Wataalamu walipolichunguza walikuta kwamba ni la kughushi: limeandikwa zaidi ya miaka 1,500 baada ya kufa Manishtushu, na yadhihirika kwamba walioliandika ni watu wa hekalu wenyewe, waliotaka mfalme wa zamani zao aheshimu mapato ambayo huenda hayakuwa na asili. Na ili shaka isimwingie msomaji, wakaongeza mwishoni kwamba haya si uongo bali ni kweli tupu. Mtu wa kweli hana haja ya kuandika hivyo, nami nilipolisoma neno hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa kuwa nilikuwa kama niliyekutana na dalali mmoja nimjuaye.

Msalaba huo wa Sippar watufundisha kwamba jiwe, kwa ugumu wake wote, humtumikia mwongo kwa uaminifu ule ule linaomtumikia mkweli. Ukiitukuza hati kupita kiasi, ukafanya kwamba mwenye hati ya kale zaidi na muhuri mkubwa zaidi ndiye mshindi bila ya kuuliza, utakuwa umefungua karakana ya kughushi hati za kale na mihuri mikubwa. Liwali wa Bit-Sin-magir alilipita jiwe la kweli, na makuhani wa Sippar walitunga jiwe la uongo. Na dawa ya maradhi hayo mawili ni moja, nayo ni mwamuzi anayeuliza, anayewaita mashahidi, na asiyeona haya kumwuliza mkubwa na mdogo kwa sauti moja.

Tena upo msiba wa tatu, ambao hauna liwali wala mghushi. Karibu na mwaka 1158 kabla ya Nabii Isa, Shutruk-Nahhunte, mfalme wa Elamu, aliivamia Babeli, akaondoka na mawe mengi ya aina hii mpaka mji wake wa Susa, kwa maana kwake yeye yalikuwa nyara nzuri za kupamba hekalu. Huko ndiko Wafaransa chini ya Jacques de Morgan walikoyafukua miaka zaidi ya 3,000 baadaye, na sasa yamo katika jumba la Louvre. Mojawapo ni la mfalme Meli-Shipak, aliyempa ardhi binti yake Hunnubat-Nanaya. Na mchoro wake ni wa kugusa moyo, kwani baba amemshika binti mkono, amwongoza mbele ya mungu wa kike aliyeketi kitini, na juu yao umeng'aa mwezi, nyota, na jua, kana kwamba mbingu nzima imeitwa kushuhudia. Lakini maandishi ya upande mmoja yamefutwa kwa tindo. Binti angali amesimama pale, mkono wake umo mkononi mwa babaye, akisubiri kukabidhiwa. Nebukadneza alipoishinda Elamu alirudi na sanamu ya Marduk. Mawe ya ardhi hayakurudi, na palipofutwa pamebaki patupu mpaka leo.

Katika nyara zile zile lilikuwamo jiwe jingine, kubwa na jeusi, lenye sheria za Hammurabi, aliyetawala toka mwaka 1792 mpaka mwaka 1750 kabla ya Nabii Isa. Nalo pia lilifutwa sehemu yake ya chini na mkono wa Elamu, na laana zilizokuwa humo hazikumzuia. Lakini sheria zilizofutwa twazijua nyingi katika hizo, kwa sababu wanafunzi wa ukarani walikuwa wamezinakili juu ya vibao vya udongo, kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka 1,000. Hapo ndipo naona tofauti kubwa baina ya fadhila na sheria. Hiba ya mfalme kwa binti yake ilikuwa na mwenyewe mmoja, na jiwe lilipoguswa, ilijeruhiwa. Sheria ilikuwa ya wengi, na kila mwanafunzi aliyeinakili kwa kulazimishwa na mwalimu wake alikuwa, bila ya kujua, mlinzi wake.

Na sheria hizo, katika habari za ardhi, zina ubinadamu ambao hatuuoni katika mawe ya hiba. Askari na mvuvi wa mfalme walipewa mashamba kwa ajili ya utumishi wao, na Hammurabi alijua kwamba mtumishi wa namna hiyo huliwa na wakubwa wake kwanza. Basi akaweka kwamba askari akitekwa vitani na shamba lake likapewa mwingine, siku atakaporudi atarudishiwa. Akiwa na mtoto asiyeweza bado kutumika, thuluthi ya shamba apewe mama amlelee mtoto. Na jemadari atakayeichukua mali ya askari au kumdhulumu zawadi aliyopewa na mfalme, atauawa. Hakumwachia Sin na ukoma wake. Alimtaja jemadari, akataja kosa, akataja adhabu, akaiweka mikononi mwa watu.

Wala hakuiacha sheria isimame peke yake juu ya jiwe. Baada ya kuuteka mji wa Larsa alimweka huko afisa wake Shamash-hazir kugawa mashamba, na barua alizomwandikia zimesalia. Ni barua fupi za mtu mwenye shughuli nyingi, na nyingi katika hizo huanza kwa namna moja: fulani amenijia, ameniambia kwamba shamba lake limechukuliwa. Mfalme wa dola nzima, mwenye majeshi na mifereji ya kuangalia, yuataka kujua habari za shamba la mtu mmoja asiyekuwa na cheo, naye amwamuru afisa wake atazame vibao, aulize, na amrudishie mwenyewe. Na katika barua mojawapo auliza kwa ukali kwamba shamba la kudumu tangu lini likapokonywa. Sisemi kwamba Hammurabi alikuwa malaika; mashamba yale aliyokuwa akiyagawa aliyapata kwa upanga, na watu wa Larsa hawakuulizwa. Lakini mlango wake ulikuwa na njia, na mtu mnyonge aliijua njia hiyo, akaipita, akarudi na barua.

Kwa hiyo nawasihi wale wanaotuahidi kila mwaka hati mpya, yenye rangi mpya na alama za siri zisizoweza kughushiwa, wasidhani kwamba kazi itakuwa imekwisha siku karatasi hizo zitakapogawiwa. Hati ni njema, na mtu asiyekuwa nayo ni kama aliyelala nje. Lakini waitazame na hali ya baraza la ardhi liketilo chini ya mwembe au katika chumba kisicho na feni: kama wajumbe wake wanakutana, kama mjane awezaye kufika huko kwa miguu hupewa nafasi ya kusema kabla jua halijatua, kama afisa aliyelipima shamba mara mbili huitwa na kuulizwa mbele ya watu, na kama hukumu ikitolewa inashikwa. Huko ndiko mashamba yanakoponea au kupotelea. Waandishi wa Babeli walimwogopa kiziwi atakayetumwa usiku kuling'oa jiwe, wakamwandikia kila laana waliyoijua. Kumbe jiwe la Nchi ya Bahari lilikuwa salama au hatarini kwa kadiri ya usikivu wa mtu mwingine kabisa, ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja katika maapizo, maana ndiye aliyekuwa akilipia kazi ya kuyachonga.